Mitungi ya Limbiko

Ilikuwepo nchi iitwayo Limbiko, na wanaosema haipo ni wale ambao hawajawahi kumzika mtu waliyekosana naye. Bibi Atuganile aliifikia akiwa na miaka sabini na mitatu, mguu wa kushoto ukimuuma, na kifuani neno moja alilokuwa amelibeba kwa miaka ishirini na mmoja.

Neno lenyewe lilikuwa fupi: nisamehe. Mwenye kuambiwa alikuwa mdogo wake, Sekela. Siku ya kumzika mama yao, Atuganile alifika kutoka mbali, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, akasimama mbele ya waombolezaji wote akasema, "Sekela, hata maji ulimnyima. Mama amekufa mdomo mkavu." Miezi ikapita ndipo jirani akamweleza ukweli. Mama hakuweza tena kumeza, na kwa miezi minane Sekela alikuwa akimlisha uji kwa kijiko cha chai, tone kwa tone, akimfuta kidevu kwa upindo wa kitenge chake mwenyewe. Lakini wakati huo Sekela alikwisha kuondoka. Alihamia Limbiko, kwa kuwa alisikia huko watu hawazungumzi mambo ya moyoni.

Sasa habari zilikuja kwamba Sekela anaumwa na hana siku nyingi. Ndiyo maana bibi alikuwa amesimama kwenye lango la nchi ile, akihema.

"Umechelewa, kikongwe," alisema mlinzi. "Na hicho kitenge kimechuja kama sura yako."

Alisema hivyo huku akisukuma kigoda kwa mguu mpaka kikaingia kivulini, kisha akatazama pembeni kama mtu asiyehusika. Bibi Atuganile alikiona kigoda, akauona na mguu. Akaketi.

"Asante, mwanangu," akasema.

Mlinzi aliruka kama amekanyaga kaa la moto. "Nyamaza! Unataka nichomewe mtungi?"

Ndipo akaelezwa sheria. Katika Limbiko, neno jema halipaswi kumfikia mtu aliye hai. Wazee wa mwanzo waliona kwamba shukrani, sifa, pole na msamaha ni vitu vya thamani, na kitu cha thamani kikitumiwa kila siku huchakaa. Wakaamua viwekwe akiba. Kila mtu akafinyangiwa mtungi wake, ukapangwa kwenye rafu za Jumba la Mitungi. Ukitaka kumshukuru jirani, unaandika kwenye karatasi, unampa mtunzaji, naye anaitumbukiza mtungini na kuufunga tena kwa nta. Siku jirani atakapozikwa, mtungi utafunguliwa, karatasi zisomwe mbele ya watu, na watu walie sana. Neno jema likimfikia aliye hai, mitungi ya wote wawili, aliyesema na aliyesikia, humwagwa motoni, nao siku yao ikifika huzikwa kimya.

"Na maneno mabaya?" aliuliza bibi.

"Hayo hayana sheria," alisema mlinzi. "Sema tu."

Bibi Atuganile alipita mitaani akasikia mambo. Mama mmoja alimwita mwanawe bwege huku akimfunga kamba za viatu. Mzee alimwambia mkewe kwamba chai yake ni maji ya kuoshea miguu, akanywa vikombe vitatu. Fundi alisimama mbele ya mlango alioutengeneza vizuri ajabu, na wenye nyumba wakautazama, wakameza mate, wakasema bawaba inalia. Jioni wangemwandikia karatasi. Fundi alikusanya vyombo vyake akaenda zake, mabega yameshuka.

Hapo bibi alisikia uchungu, maana aliyajua mabega ya namna hiyo. Alikuwa ameyaona kwao pia, ambako hakuna sheria wala mtungi.

Nyumba ya Sekela ilikuwa na chumba kimoja na jiko la nyuma. Mlangoni alikutana na mwanamke wa miaka arobaini hivi, mikono imebabuka kwa maji ya sabuni. Aliitwa Tunu, jirani wa ukuta mmoja, na kwa miaka mitatu ndiye aliyemfulia Sekela, akamgeuza kitandani, akamchana nywele. Hakuwa ndugu yake wala mtumishi wake. Mtu alianguka upande wa pili wa ukuta, Tunu akasikia, akaja, na hakurudi tena kwake ila kulala.

"Ndiye huyo dada yako," Tunu alimwambia mgonjwa. "Ana miguu michafu."

Sekela aligeuza kichwa polepole. Alikuwa amebaki macho na mifupa. Alimtazama Atuganile.

"Umezeeka vibaya," alisema.

"Na wewe umebaki fimbo," alijibu Atuganile.

"Bora fimbo. Wewe gunia la pumba." Midomo ya Sekela ilicheza kidogo. Kisha akamwambia Tunu, "Mlishe huyo kwanza. Akiwa na njaa mdomo wake hauna breki."

Maneno hayo yalimchoma Atuganile kama mwiba wa mchongoma. Akajua Sekela anaikumbuka siku ile ya msiba, kila neno. Basi bado ana hasira, akawaza. Tunu alimletea viazi, akavila kwa adabu bila kusikia ladha yake. Wakaongea habari za mvua, za migomba iliyoanguka kwao, za kanisa lililoezuliwa na upepo. Neno lilikuwa kooni. Mara mbili alifungua mdomo. Mara ya kwanza akaona mkono wa Tunu umetulia juu ya beseni, unangoja kwa hofu. Mara ya pili akawaza mtungi wa Sekela: watu wa hapa huogopa kuzikwa kimya kuliko wanavyoogopa kufa. Nilimwaibisha mbele ya watu mara moja, akajiambia. Nimwaibishe tena kaburini?

Angeweza kusema siku ile. Sekela alikuwa macho, masikio yakiwa mazima, mkono umelazwa juu ya blanketi, kiganja kikitazama juu. Miaka yote iliyobaki Bibi Atuganile alikikumbuka kiganja kile kilivyokuwa wazi.

Badala yake aliinuka akauliza kama kuna ruhusa.

Kulikuwa na ruhusa. Limbiko haikuwa nchi ya wakatili. Mgeni aliyekuwa na haja kubwa aliweza kuomba Baraza la Maziko limruhusu kusema neno moja kwa mtu mmoja aliye hai, na mitungi ikabaki salama. Tunu alimtoa mpaka njia panda, akamwonyesha Jumba. "Wana maneno mengi wale," alisema. Kisha akaangalia huku na huku, akamfunga bibi kanga iliyokuwa imelegea mabegani, akarudi mbio ndani.

Baraza lilikuwa na wazee tisa, na aliyelisimamia aliitwa Bwana Taratibu, mtunzaji mkuu wa mitungi. Alikuwa mtu mpole, kucha zake safi, na kila alipotaja wafu alishusha sauti.

Siku ya kwanza walijadili kama msamaha ni neno jema. Mmoja alisema si jema, kwa kuwa ndani yake lazima kosa litajwe, na kosa ni neno baya. Hivyo bibi aseme tu, hahitaji ruhusa. Mwingine alisema kosa ni ganda na msamaha ni kiini, na sheria hutazama kiini. Wakala chakula cha mchana. Baada ya chakula waliuliza kama anayeomba msamaha anatoa neno au anapokea, na jua likashuka wakiwa hapo.

Siku ya pili walijadili kama neno moja ni "nisamehe," au ni "nisamehe, Sekela," ambayo ni maneno mawili.

"Baba zangu," Bibi Atuganile alisema kwa upole, "mgonjwa anaishiwa pumzi."

"Ndiyo maana tunakwenda kwa uangalifu," alijibu Bwana Taratibu, na bibi akaona kwamba alimaanisha.

Siku ya tatu alisimama mzee mmoja mwenye kofia ya ukindu. "Mama huyu ni Mkristo," alisema. "Basi nimuulize. Hivi si hata kwenye imani yake manukato yaliwekwa kwa ajili ya maziko? Wale wanawake si waliyabeba alfajiri kwenda kaburini? Nani aliwalaumu? Sisi hatufanyi zaidi ya hapo."

Baraza likampigia makofi. Bibi Atuganile hakuwa amesoma sana, lakini alikuwa amekaa kanisani miaka mingi, kwenye benchi la tatu, na habari hizo alizijua kama njia ya kisimani.

"Waliyabeba, baba," alisema. "Na hawakumkuta Bwana wao. Walifika na manukato yao mazuri, wakakuta hayupo, wakarudi nayo. Lakini yupo mwanamke mmoja aliyemwahi. Alimmiminia marhamu akiwa hai, amekaa chakulani, nyumba nzima ikanukia, na yeye mwenyewe akaisikia harufu. Waliokuwepo wakamsema kwamba anapoteza kitu cha thamani. Bwana akasema mwacheni. Mimi kwa mama yangu nilikuwa kama wale wa alfajiri, tena hata manukato sikubeba. Nilibeba matusi. Ninaomba kwa ndugu yangu niwe kama yule mmoja."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee wa kofia ya ukindu alitazama mikono yake. Mwingine alipenga kamasi. Mtu anayepita nje angedhani wamekwisha kuelewa. Kisha Bwana Taratibu akakohoa na kusema jambo hilo ni zito, na kwamba ni lazima wazee watatu wateuliwe wachunguze kama marhamu huhesabiwa kuwa neno.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, walimpa ruhusa. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri, ina mhuri wa nta: neno moja, kwa mtu mmoja, Sekela, aliye hai.

Bibi Atuganile alitembea jinsi mguu ule ulivyomruhusu, ruhusa ameikunja ndani ya kiganja. Alipokata kona alimwona Tunu ameketi kizingitini, kijiko cha chai mkononi, anakifuta kwa upindo wa kanga. Alikuwa akikifuta kijiko ambacho kilikwisha kukauka zamani.

Hakuuliza. Aliketi kizingitini kando ya Tunu. Tunu alisema, "Alikuwa akiangalia mlango."

Mazishi ya Limbiko yalikuwa mazuri kuliko yote aliyowahi kuyaona. Barabara ilifagiliwa, watu mia tano walivaa nguo zao za heshima. Waliokuwa hawajakanyaga nyumba ya Sekela miaka mitatu walileta mashada makubwa kuliko mlango wake. Bibi Atuganile aliwekwa kiti cha mbele chenye mto.

Bwana Taratibu mwenyewe alimjia, akamwinamia. "Mama," alinong'ona, "ile ruhusa sasa huihitaji. Sasa unaweza kusema yote, hata siku nzima."

Mtungi wa Sekela ukavunjwa nta, karatasi zikaanza kusomwa. *Alinishonea mtoto wangu shuka nilipokuwa sina.* Watu wakalia. *Alikaa na mimi siku tatu mume wangu alipopotea, hakuuliza kitu.* Wakalia zaidi. *Nilitaka kumwambia kwamba sauti yake ya kuimba ilinifanya nisijiue.* Mtu mmoja alianguka chini. Atuganile alilitazama lile jeneza lililofungwa, akatazama umati, na akilini mwake likazunguka swali moja tu: mbona mnamwambia ukuta?

Alipoitwa aseme, alikwenda mbele, akafungua mdomo, na maneno ya kumwambia Sekela hayakuja. Mwenye kuambiwa hakuwapo tena. Alichokiona ni Tunu. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, nyuma hata ya watoto, beseni la maji ya kunawa mikononi, macho yamevimba. Hakuna aliyempa kiti.

"Tunu, mwanangu," aliita. "Sogea."

Watu wakageuka.

"Wewe ulimlisha ndugu yangu kwa kijiko. Ulimchana nywele. Mimi wa damu nilikuwa mbali na kiburi changu, na wewe wa ukuta tu ulikuwa karibu. Nimeona mikono yako. Ndaga fijo, mwanangu. Kwetu hiyo ni asante kubwa, na ninaisema ukiwa unanisikia."

Beseni likaanguka. Tunu alishika mashavu yake kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuia kitu kisimwagike. Hakujua uso wake aufanye nini. Umati ukapiga ukelele. Mama mmoja akawaziba wanawe masikio.

Bwana Taratibu alikuja mbio, jasho linamtoka. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni. "Mama, kwa nini? Futa maneno hayo haraka. Sema tu 'nayafuta,' mara moja, mimi nitasema sikusikia vizuri. La sivyo nitalazimika kuchoma mtungi wako."

"Mtungi gani, baba? Mimi ni mgeni."

"Unao." Alishusha ile sauti yake ya wafu. "Ndugu yako aliomba ufinyangiwe mwaka aliofika. Kila Jumamosi karatasi yake imeletwa. Miaka ishirini na mmoja. Umejaa mpaka shingoni, nami nimeushindilia kwa mkono wangu."

Bibi Atuganile alishika kiti. Dunia ilimzunguka, ikatulia, ikawa dunia nyingine. "Niletee nisome," alisema. "Hata moja."

"Utasomewa," alisema Bwana Taratibu kwa upole wote aliokuwa nao. "Siku yako. Futa tu maneno hayo, na siku yako utasomewa yote."

Alifikiri. Tusiseme hakufikiri. Alifikiri juu ya Jumamosi zile zote, zaidi ya elfu moja, mwandiko wa Sekela ukimwita kwa jina. Kisha akamgeukia Tunu, maana mtungi wa Tunu nao ungechomwa, na si haki mtu kutoa sadaka kwa mali ya mwenzake.

"Nilikosa kwa kutokuuliza kwanza," alimwambia. "Mdomo wangu ndiyo tabia yake. Nifute, mwanangu?"

Tunu alitazama Jumba, ambako watu wa mtaa ule walikuwa wamemwekea maneno yake maisha yake yote. Akatazama maji yaliyomwagika miguuni pake. Akatikisa kichwa.

"Usifute, bibi," alisema. "Hili nimelisikia."

Mitungi miwili ikaletwa uani ikamwagwa. Karatasi za Sekela zilikuwa nyingi, nyingine za rangi ya chai kwa uzee, na moto ulizila taratibu, moja baada ya nyingine. Bibi Atuganile alisimama karibu kadiri joto lilivyomruhusu. Alijaribu kusoma. Aliona neno "dada" likijikunja, likawa jeusi. Mzee wa kofia ya ukindu alikuja akasimama kando yake, akamkinga moshi kwa mwili wake.

Tunu alimsindikiza mpaka langoni. Hapo, mlinzi akiwa ameugeuzia ukuta uso kwa makusudi, Tunu alimshika bibi mkono.

"Miaka hii mitatu mikono yake ilitetemeka," alisema. "Mimi ndiye niliyemwandikia. Nyingi nimesahau, bibi, alikuwa akisema sana. Lakini moja aliirudia karibu kila Jumamosi, mpaka nikamwambia hii si tumeshaandika? Akasema andika tena."

"Sema."

Tunu alifumba macho ili aikumbuke sawasawa. "'Dada, siku ile ulikuwa na njaa. Ulikuwa umesafiri siku mbili, hukutia kitu tumboni, na wewe tangu utoto ukiwa na njaa unasema usiyoyajua. Nilikuwa nimekuwekea ndizi na maharage jikoni, nimefunika kwa sahani. Ungepitia mlango wa jikoni kwanza, tusingegombana.'"

Bibi Atuganile hakulia pale. Alisema ndaga, akainama, akapita lango. Alilia mbele, palipokuwa hakuna mtu, alipoyasikia upya yale maneno ya kitandani: mlishe huyo kwanza. Hakuwa amechomwa. Alikuwa amesamehewa mbele ya uso wake, kwa lugha pekee iliyoruhusiwa, na akala viazi vya msamaha bila kusikia ladha yake.

Alifika kwake mchana. Mkwe wake alikuwa shambani. Bibi hakupitia mlango wa mbele kama ilivyokuwa desturi yake. Alizunguka nyuma, akaingia jikoni. Juu ya jiko palikuwa na sufuria, imefunikwa kwa sahani, na juu ya sahani jiwe dogo ili paka asifunue. Ilikuwa hivyo kila siku kwa miaka kumi na miwili. Alikuwa akifunua na kula.

Safari hii hakufunua. Aliketi kwenye kigoda akangoja, mpaka mkwe wake alipoingia, jembe begani.

"Mama! Umerudi! Mbona hujala?"

"Nilikuwa nakungoja," alisema Bibi Atuganile. "Jiwe hili, mwanangu. Huwa unaliweka wewe, kila siku?"

"Ni kwa ajili ya paka, mama."

"Nimeliona," alisema. "Asante."

Mkwe alishusha jembe polepole, akamwangalia kwa wasiwasi, akamwekea mkono kwenye paji la uso. "Mama, unaumwa?"

"Hapana," alisema bibi, akaushika ule mkono kabla haujaondoka. "Nina njaa tu. Keti tule."